Tshibumba wa Lubumbashi: mchoraji aliyeweka historia ya wafanyakazi juu ya gunia la unga

Kilibula, Uvira. Leo tunawaletea habari ya Mkongomani mmoja ambaye hakusoma chuo kikuu, hakuwa na cheo serikalini, na hakuwa na pesa ya kununua kitambaa kizuri cha kuchorea. Alichukua magunia ya unga, akayapaka rangi, akachora juu yake historia ya nchi yetu kama watu wa kazi walivyoiishi. Jina lake ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi.

Watu wengi wa Uvira hawajawahi kusikia jina hilo. Lakini alieleza kazi yake kwa Kiswahili, Kiswahili cha Kongo, ambacho mama muuza samaki wa Kalundu angekielewa. Na jambo alilolishughulikia ni letu pia: ni nani anayetunza kumbukumbu ya mtu wa kazi, wakati mtu huyo hana kitabu, na wakati mwingine hana hata nyumba?

Mji uliojengwa na shaba

Ili tuzielewe picha zake, kwanza tuuone mji wake. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyusha shaba likaanza kazi. Bomba refu la moshi likasimama pale, na pembeni yake kikakua kilima cheusi cha mabaki ya madini. Hadi leo, anayetaka kuionyesha Lubumbashi kwa picha moja anachora bomba hilo na kilima hicho.

Kazi ilihitaji mikono, na mikono ilitafutwa mbali: Kasai, Lomami, hata Rwanda na Burundi. Mwanzoni wanaume walichukuliwa kwa muda mfupi, wengi wakafa kwa magonjwa, wengine wakatoroka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mpango. Ikaanza kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka 3 na kuwaruhusu waishi na wake zao katika kambi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, posho ya chakula ya kampuni, hospitali ya kampuni, na shule ilikuwa ya wamisionari waliopatana na kampuni. Mtoto aliyezaliwa kambini alikua akisikia king'ora cha kazi kabla hajajua kusoma saa.

Ndani ya kambi hizo watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja, nayo ikawa Kiswahili. Hicho ndicho alichozungumza Tshibumba, ambaye jamaa zake asili yao ilikuwa Kasai.

Picha za kuuza nyumba kwa nyumba

Katika miaka ya 1960 na 1970, Lubumbashi ilikuwa na wachoraji wengi wa mitaani. Walichora haraka na kuuza kwa bei ambayo mfanyakazi au karani mdogo angeweza kulipa. Mchoraji alibeba picha mkononi, akapita mlango kwa mlango akibisha hodi. Aliyenunua alitundika picha katika chumba cha wageni, mahali ambapo kila anayeingia ataiona.

Wateja walipenda picha za namna fulani. Kulikuwa na mamba muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki, anayeleta utajiri na balaa. Kulikuwa na picha za kijiji cha zamani. Na kulikuwa na picha za mateso ya wakati wa wakoloni. Watu wa Lubumbashi walikuwa na neno moja la kueleza kazi ya picha hizo: ukumbusho.

Neno hilo tulifikirie kidogo. Katika nyumba ya mfanyakazi, ukumbusho ulikuwa kitu cha kuanzishia mazungumzo, zaidi ya pambo la ukuta. Mgeni anaketi, anaangalia picha, anauliza: huyu anayepigwa ni nani? Hapo baba mwenye nyumba anaanza kusimulia, mama anaongeza, jirani anakataa na kuleta masimulizi yake. Watoto wanasikia. Picha yenyewe imenyamaza, lakini inawatoa watu maneno yaliyokuwa yamekaa moyoni.

«Colonie Belge»

Picha iliyopendwa sana iliitwa «Colonie Belge», na wachoraji wengi waliichora. Tshibumba aliichora mara nyingi. Mbele ya ukuta wa gereza, mfungwa amelala chini, nguo zimeshushwa, damu inatoka. Mwenye kumpiga fimbo ni askari Mkongomani. Mzungu amesimama pembeni akiangalia, na bendera ya Ubelgiji iko juu. Wafungwa wengine, katika nguo zenye mistari ya njano na nyeusi, wanaendelea na kazi.

Angalieni jinsi mchoraji alivyopanga watu wake. Mbelgiji hana haja ya kushika fimbo. Anasimama tu. Mkono unaopiga ni wa ndugu mweusi, naye pia yuko chini ya amri. Mtu wa kazi aliyeangalia picha hiyo nyumbani kwake aliweza kujiona katika yule aliyelala, na aliweza kumwona jirani yake, au baba yake mwenyewe, katika yule askari. Ndiyo maana mazungumzo mbele ya picha hiyo hayakuwa mepesi.

Kwenye moja ya picha hizo Tshibumba aliandika miaka: 1885 hadi 1959. Mwalimu wa historia angemsahihisha. Mwaka 1885 nchi hii ilikuwa mali ya mfalme Leopold II, na ilikuwa koloni la Ubelgiji tangu mwaka 1908 tu. Lakini kwa mtu aliyelala chini ya fimbo, ile karatasi iliyohamisha nchi kutoka kwa mfalme kwenda kwa serikali ya Brussels ilibadilisha nini? Fimbo ilikuwa ile ile ya ngozi ya kiboko. Mchoraji alihesabu miaka kwa kufuata mgongo wa mfanyakazi.

Uwanja wa mpira, Desemba 1941

Kati ya matukio aliyochora, liko moja ambalo kila familia ya zamani ya Lubumbashi inalijua. Mwaka 1941 dunia ilikuwa vitani. Shaba ya Katanga ilitakiwa sana, kazi ikaongezwa, bei ya vitu sokoni ikapanda, lakini mshahara wa mfanyakazi mweusi haukufuata. Mwezi wa Desemba wafanyakazi wa Union Minière waligoma, Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Elisabethville pia.

Tarehe 9 Desemba 1941, wagomaji wa Elisabethville walikusanyika katika uwanja wa mpira pamoja na wake na watoto wao. Askari walifyatua risasi katikati ya umati. Hesabu ya wakubwa wa wakati ule haikufika wafu 50, lakini waliosimulia baadaye walitaja wengi zaidi. Msemaji wa wafanyakazi, karani Léonard Mpoyi, aliuawa hapo. Masimulizi ya mji yanasema gavana Maron mwenyewe ndiye aliyempiga risasi.

Tshibumba alizaliwa miaka 6 baada ya siku hiyo. Hakuona kitu. Hata hivyo aliichora: umati, askari, gavana, Mpoyi akianguka. Aliipata wapi? Kwa wazee, kwa maneno ya nyumbani na ya kwenye pombe. Wakoloni hawakutaka habari hiyo ikae katika vitabu vya shule. Ilikaa katika vinywa vya watu miaka 30 na zaidi, mpaka mtu mmoja mwenye rangi na gunia akaiweka mahali pa kuonekana.

Ulaya pia walikuwako

Wenye kusoma sanaa watauliza: uchoraji wa namna hii unaitwaje? Huko Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, kulitokea wachoraji walioitwa waekspresionisti. Nia yao ilikuwa kuchora jambo jinsi moyo unavyolisikia, hata kama jicho halilioni hivyo. Uso unaweza kuwa wa kijani, mkono ukawa mkubwa kupita kiasi, nyumba ikainama, ili anayeangalia apate uchungu au hofu ileile aliyokuwa nayo mchoraji.

Karibu na watu hao alikuwa mama mmoja, Käthe Kollwitz, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufa mwaka 1945. Mume wake alikuwa daktari wa watu maskini mjini Berlin, na wagonjwa waliopita mlangoni walikuwa wafanyakazi wa viwanda na wake zao. Kati ya mwaka 1893 na 1897 Kollwitz alitengeneza picha 6 juu ya uasi wa wafuma nguo: njaa, mtoto aliyekufa, wanaume wakipanga shauri, kisha maiti zikirudishwa nyumbani. Mwaka 1914 mtoto wake Peter aliuawa vitani, na tangu hapo alirudi tena na tena kwenye picha ya mama aliyefiwa. Mama yeyote wa Uvira aliyepoteza mtoto angeelewa picha hizo bila mkalimani.

Tshibumba hakuwa mwanafunzi wa Wajerumani hao. Yeye alitoka katika karakana za mitaani za Katanga. Lakini kuna mahali wanapokutana. Watu katika picha zake ni wagumu kama mbao, rangi hazina kivuli kingi, askari wanasimama mistari kama misumari, na maneno ya Kifaransa yameandikwa ndani ya picha yenyewe ili mtu asikosee tukio. Hakujali kama mguu umechorwa sawasawa. Alijali kama mtu atasimama na kuuliza.

Tofauti ni kwa mnunuzi. Kollwitz aliwachora wafanyakazi, na picha zake zikaonyeshwa katika majumba ya sanaa, wakaziangalia wenye elimu na wenye mali. Tshibumba alichora wafanyakazi akawauzia wafanyakazi. Aliyeangalia na aliyechorwa walikuwa watu wa mtaa mmoja.

Picha 101 na kinasa sauti

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alibisha hodi kwenye nyumba ya mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na desturi za watu aliyezaliwa Ujerumani. Alikwenda kuuza picha kama kawaida yake. Mazungumzo yakaendelea, na mchoraji akaeleza jambo lililokuwa ndani yake: aliweza kuchora historia yote ya nchi. Fabian akakubali kununua.

Katika muda mfupi, hadi mwaka 1974, zikapatikana picha 101. Zinaanza na nchi ya mababu na wafalme wa zamani, zinapita kwa Wareno, kwa Livingstone na Stanley, kwa mfalme Msiri aliyeuawa na Wabelgiji mwezi wa Desemba 1891, kwa migodi na magereza, kwa uhuru na Lumumba, hadi wakati wa Mobutu na mawazo juu ya siku zijazo. Tshibumba alikaa na Fabian mbele ya kinasa sauti, akaeleza kwa Kiswahili picha moja baada ya nyingine. Alisema wazi kwamba yeye ni mwanahistoria. Hakutaka kuhesabiwa mpaka rangi tu.

Tunapaswa kusimama hapo. Kijana asiyefikisha miaka 30, anayeuza picha mlangoni, anamwambia profesa kwamba na yeye ana historia. Profesa angeweza kucheka. Lakini alisikiliza, na mwaka 1996 akatoa kitabu kizima ambacho ndani yake maneno ya mchoraji yako pamoja na picha zake.

Lumumba kati ya misalaba mitatu

Kati ya watu wote aliowachora, Lumumba ana nafasi yake ya peke. Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tshibumba alichora maiti tatu chini, na nyuma yao misalaba mitatu juu ya kilima. Hakuhitaji kueleza. Mtu yeyote aliyekaa kanisani siku ya Ijumaa Kuu aliona Golgotha.

Hakuna aliyeona misalaba mahali pale usiku ule. Mchoraji alijua hilo. Alichora maana ya kifo hicho kwa watu waliokuwa wamengojea uhuru, na hapo ndipo tunaona alivyokaribiana na wale Wajerumani bila kuwajua: ukweli wa moyo umewekwa wazi mbele ya jicho.

Ukuta ulioachwa nyuma

Historia ya Lubumbashi ni pia historia ya kukimbia. Mwaka 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, maelfu na maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na ONU hapo hapo mjini. Tshibumba alikuwa na umri wa miaka 14. Halafu katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka, mishahara ikapoteza nguvu, na mfanyakazi aliyekuwa akinunua picha akawa anatafuta unga kwanza. Soko la wachoraji likakauka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena. Hakuna kaburi lake linalojulikana.

Miaka ya 1992 na 1993 pigo lingine likaja. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa Katanga na wazazi waliochimba shaba ya Katanga, walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine. Walilala siku nyingi kwenye vituo vya gari la moshi, na wengi walikufa njiani. Wengi wenu mnaonisikia mnajua jinsi mtu anavyofungasha saa ya hatari. Anashika mtoto, anashika sufuria, godoro kama nguvu ipo, na barua za shule kama amekumbuka. Picha ya ukutani inabaki ukutani.

Leo ile mikusanyo ya picha 101 iko Amsterdam, Uholanzi, katika nyumba ya makumbusho. Mwaka 2017 ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya dunia yanayoitwa documenta. Tunafurahi kwamba haikuoza. Lakini mjukuu wa mfanyakazi wa Union Minière anayetaka kuiona anahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya chumba cha wageni cha babu yake kimekuwa mbali naye kuliko kilivyokuwa mbali na Mbelgiji.

Na sisi wa Uvira?

Hapa kwetu pia watu wa kazi wapo, na historia yao haijachorwa. Kuna waliolima pamba katika bonde la Ruzizi wakati ambapo pamba ilikuwa amri. Kuna waliokata miwa na kupika sukari Kiliba, mpaka kiwanda kikazimika miaka ya 1990. Kuna wabebaji wa bandari ya Kalundu, wavuvi wanaotoka usiku na taa zao, mama wanaokausha ndagala kwenye mchanga. Kuna walioshuhudia mwaka 1964, Uvira ilipoingia mikononi mwa Wasimba. Kila mwaka tunazika baadhi yao.

Na kuna familia zilizokuja Kilibula na kata nyingine zikiwa na mkoba mmoja. Wanasema tumepoteza kila kitu, hata picha za harusi, hata picha ya mzee marehemu. Hasara hiyo ni ya kweli, tusiidharau. Lakini Tshibumba aliuchora uwanja wa mwaka 1941 bila kuwa na picha hata moja ya siku ile. Alikuwa na maneno ya wazee tu. Maneno yalitangulia, picha ikafuata.

Kwa hiyo tunawaomba jambo lisilogharimu franka hata moja. Usiku huu, kabla ya kulala, mtoto mmoja amuulize mzee aliye naye, iwe ni nyumbani au chini ya hema: ulifanya kazi gani ya kwanza? Mshahara ulikuwa kiasi gani, na ulinunua nini? Mkubwa wako wa kazi aliitwa nani, na alikuwa mtu wa namna gani? Siku gani mlikataa kufanya kazi, na ilikuwaje? Mwenye simu arekodi sauti. Mwenye daftari aandike jina, mahali na mwaka. Anayejua kuchora, achore, hata kwa makaa juu ya karatoni ya msaada.

Mzee akikosea mwaka, msimkatize. Mwacheni amalize, halafu mumuulize na jirani yake.